Kifaa cha Maumivu Kilichoundwa Nyumbani na Siku Kitakapoharibika

Vifaa vya kusisimua mishipa ya fahamu kwa umeme, ambavyo wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, huvitumia kutuliza maumivu ya mgongo, magoti na mabega, vinatofautiana na mashine nyingi za hospitali kwa jambo moja: sehemu yake inayofanya kazi ni rahisi kuundwa. Mkazi wa mtaa wa Jamhuri anayepanda matatu hadi katikati ya Nairobi na kuingia maduka ya Luthuli Avenue anaweza kurudi nyumbani akiwa na betri ya volti 9, transfoma ndogo, nyaya, na kijisaketi cha kupimia muda kiitwacho 555, ambacho kimekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambacho bei yake huwa chini ya nauli yenyewe. Fundi aliyezoea kutengeneza redio hahitaji zaidi ya saa chache kupata mapigo ya umeme yanayochezesha misuli ya mkono. Urahisi huo ndio unaopotosha, kwa kuwa kinachokipa thamani kifaa kilichopimwa si mapigo yake, bali ni namna kinavyomlinda mtumiaji siku kinapoharibika kikiwa bado kimebandikwa mwilini.

Msingi wa kitaalamu wa tiba hii ni nadharia ya lango, iliyochapishwa mwaka 1965 na Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, uti wa mgongo hauachi kila ishara ya maumivu ipite hadi kwenye ubongo, na ishara za mguso, zinazosafiri kwa nyuzi nene za fahamu, zinaweza kuzizuia zile za maumivu njiani. Ndiyo maana mtu aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa. Mwaka 1967 Wall na daktari wa upasuaji William Sweet walionyesha kwamba umeme unaweza kutoa nafuu ya muda kwa wagonjwa. Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2019 kuhusu maumivu sugu hayakuweza kusema kwa uhakika kama tiba hii inasaidia au haisaidii, na jambo hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayepima hatari dhidi ya faida.

Takwimu za umeme nazo humpotosha asiyezisoma kwa ukamilifu. Kifaa cha kawaida hutoa mapigo yanayofikia makumi ya miliampia, miliampia moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya ampia, lakini kila pigo hudumu kwa maikrosekunde 200 hivi tu, kisha mkondo hukoma hadi pigo lifuatalo. Miliampia 50 za umeme wa nyumbani, ambao nchini Kenya ni wa volti 240 na hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, zikipita kifuani bila kukoma zinaweza kuutia moyo katika mpapatiko, hali ambayo misuli yake hutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Namba ni ileile. Kinachoamua ni muda, umbo la mkondo na njia unayopita mwilini.

Ndipo suala la chaja linapoingia. Kifaa kinachotumia betri pekee hakina njia ya kumfikishia mtumiaji umeme wa ukutani, lakini betri huisha, na jambo jepesi kwa aliyekiunda ni kuiondoa na kuunganisha chaja ya simu mahali pake. Kwa kifaa cha tiba kinachotumia umeme wa nyumbani, viwango vya kimataifa vya IEC 60601 huhitaji upande wa umeme mkali utenganishwe na upande wa mgonjwa kwa umbali wa milimita 8 hivi juu ya uso wa saketi, na kizuizi hicho kistahimili jaribio la volti 4,000. Katika chaja bandia, zinazouzwa kando ya barabara nyingi za jiji, mwanya huo unaweza kuwa mwembamba hata kuliko milimita moja, na unyevu kidogo au kuongezeka ghafla kwa nguvu ya umeme hutosha kuuvuka. Mtu aliyeshika simu kwa mkono mkavu hukingwa kwa kiasi na ukinzani wa ngozi yake, lakini aliyebandika elektrodi zenye jeli, yaani vibandiko vinavyopitisha umeme, ameuondoa ukinzani huo kwa hiari yake, kwa sababu bila kufanya hivyo mapigo yasingefika kwenye fahamu.

Hata betri peke yake haiondoi hatari zote. Vifaa vingi huwa na kapasita, kijenzi kinachopitisha mkondo unaobadilika na kuzuia ule wa upande mmoja. Kapasita hiyo ikiungua kwa namna ya kupitisha kila kitu, mkondo wa upande mmoja huingia mwilini taratibu na kuanza kuichanganua chumvi ya jasho, hivyo asidi ikajikusanya chini ya elektrodi moja na magadi makali chini ya nyingine. Jeraha linalotokea ni la kikemikali, hupenya ndani, na linaweza kuanza bila maumivu makubwa.

Mahali pa kubandika ni hatari nyingine, na hapa saketi iliyoundwa vizuri haina msaada. Elektrodi hazipaswi kuwekwa mbele ya shingo, ambako zinaweza kubana koo au kuamsha vihisio vya shinikizo la damu vinavyopunguza mwendo wa moyo; hazipaswi kupitisha mkondo kifuani, wala kutumiwa na mtu aliyepandikizwa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, wala kuwekwa kichwani kwa mtu mwenye kifafa. Tangu Marekani ilipoidhinisha mwaka 1997 kifaa cha kupandikizwa kinachosisimua fahamu ya vagasi, yenye tawi linalofika sikioni, kwa wenye kifafa, wapo duniani wanaojaribu kuiga tiba hiyo kwa kibanio cha sikio, ingawa kifaa cha hospitali huwekwa na daktari wa upasuaji na kiwango chake hupandishwa pole pole chini ya uangalizi.

Haifuati kwamba Nairobi iache kuunda. Katikati ya miaka ya 2010, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishirikiana na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kubuni mashine ya kunyonya majimaji kwa ajili ya kina mama na watoto wachanga, na heshima ya kazi ile ilitokana na kukaa na wauguzi na kupima kabla ya kutumia. Njia kama hiyo haiko mbali na Jamhuri: Bodi ya Dawa na Sumu, inayosimamia pia vifaa vya tiba, ina makao yake Lenana Road, na katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, jirani na Kenyatta, hufundishwa mafundi wa mitambo ya hospitali. Inasikitisha kwamba fundi wa jua kali mwenye kipaji hana mlango mwepesi wa kupeleka saketi yake ipimwe uvujaji wa mkondo, kwani kipimo chenyewe ni cha dakika chache kwa mwenye chombo.

Hatari kubwa kuliko zote huenda isitokane na umeme wenyewe, bali na ugonjwa wa anayeutumia. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi ndiye anayetafuta zaidi nafuu ya kuwaka kwa miguu, naye ndiye asiyeweza kuhisi elektrodi inapomuunguza, na kidonda cha mguu wake hupona kwa taabu. Vivyo hivyo, maumivu ya mgongo yasiyokoma, yanayozidi usiku na kuandamana na homa au kukonda, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa dawa ukigunduliwa mapema na unaoweza kupoozesha miguu ukichelewa, na mapigo yanayomwezesha mgonjwa kulala na kwenda kazini humpa sababu ya kuahirisha kwenda kupigwa picha ya mgongo mwezi hadi mwezi.