Kabla ya Kuongeza Chumba, Fuata Maji

Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma hapa Katelembo, nje kidogo ya mji wa Machakos, zilijengwa na kizazi cha baba yangu. Yetu ilisimama mwaka 1977. Miaka miwili kabla ya hapo, Julai 1975, baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na wakulima wa milima ya Machakos, baba akiwemo, wakashika fedha ambazo hawakuwa wamezizoea. Wengine walinunua ng'ombe, wengine wakalipa karo, na wengi wakajenga. Matofali ya baba yalifinyangwa na kuchomwa papo hapo shambani, yakaunganishwa kwa udongo. Saruji ilikuwa ghali, hivyo ikapakwa kwa nje tu, kwenye maungio.

Leo nyumba hizo zinakaribia miaka 50. Wajukuu wameongezeka, vyumba havitoshi Desemba familia inapokutana, na katika kila boma swali ni lile lile: tubomoe na kujenga upya, au tukarabati na kuongeza? Kwetu kaka yangu mkubwa alitaka kubomoa. Mama ndiye aliyekata shauri. "Wanangu, ukuta huu umenisitiri miaka yote hii," alisema. "Ongezeni vyumba mtakavyo, lakini nyumba ya baba yenu iacheni isimame."

Tukamtii. Kazi hiyo imenipa somo moja ambalo ningependa kila mwenye nyumba ya zamani alijue kabla hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji: anza na maji. Maji ndiyo yanayoiangusha nyumba, na huku Ukambani maji hayo hayo ndiyo tunayoyatafuta usiku na mchana.

Fundi mzee tuliyemwita hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyumba akitazama chini. Paa letu halikuwa na mifereji, na kwa miaka mingi matone yalikuwa yakianguka mstari mmoja, yakachimba kijifereji kuuzunguka ukuta. Kona ya jikoni msingi ulikuwa umebaki wazi. "Mama, nyumba yako ni nzima," alimwambia mama yetu, "ila imelowa miguu."

Alichomaanisha ni hiki. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo, na hunyonya unyevu kutoka ardhini. Unyevu ukifika kwenye maungio ya udongo, udongo hulainika. Chini ya msingi nako, upande unaolowa hutitia kuliko upande mkavu. Kona moja ikishuka hata kidogo, ukuta hupasuka. Kwenye udongo mweusi wa nyanda za Athi na Konza hali ni mbaya zaidi, kwa sababu udongo ule huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na hivyo kuinyanyua na kuishusha nyumba kila msimu.

Nyufa nazo zina maana tofauti. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni wa lipu yenyewe. Ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata maungio ya matofali kuanzia kona ya dirisha, unaeleza habari za msingi. Andika tarehe kwa penseli pale ufa unapoishia, halafu bandika kipande chembamba cha kioo kwa saruji kukatiza ufa. Mvua ikipita na kioo kingali kizima, ukuta umetulia. Kikikatika, nyumba bado inatembea, na hapo mwite mhandisi kabla ya kufanya lolote.

Sisi tulianza nje. Tulirudishia udongo, tukaushindilia, kisha tukamwaga zege kuzunguka nyumba yote, upana wa sentimita 90, likiinama kuelekea nje. Tulifunga mifereji kwenye paa, mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili. Tukaiacha mvua moja ya msimu ipite tuone. Kaka aliona tunapoteza muda, lakini ukuta unahitaji kukauka kabla haujapigwa lipu mpya.

Kuhusu lipu, jihadhari. Ukuta uliounganishwa kwa udongo ukiufunika kwa lipu nzito ya saruji tupu, unyevu hukosa pa kutokea, na baada ya muda lipu hubanduka vipande vipande. Mchanganyiko wa saruji kipimo kimoja, chokaa kimoja na mchanga sita ni laini zaidi na huuacha ukuta upumue. Mchanga wa mtoni upime kwanza: utie kwenye chupa ya kioo pamoja na maji, tikisa, uache usiku kucha. Tope likijitenga juu ya mchanga kwa tabaka nene, mchanga huo uoshwe au urudishwe.

Ndipo tukafika kwenye vyumba vipya. Watu wengi hung'oa matofali ya ukuta wa zamani ili ukuta mpya uung'ate. Fundi wetu alikataa kabisa. Nyumba ya zamani ilishamaliza kushuka. Ile mpya ndiyo kwanza inaanza. Ukizifunga pamoja, mpya itaivuta ya zamani, na ufa utatokea pale pale penye ungio. Vyumba vyetu vipya vina msingi wao na ukuta wao, na kati yao na nyumba ya baba pana nafasi ya sentimita moja iliyojazwa kitu laini na kufunikwa kwa bati lililokunjwa. Hatukuongeza ghorofa. Ukuta wa maungio ya udongo haukujengwa kubeba mzigo huo.

Paa jipya ndilo lililotupa faida kubwa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya baba ina mita 63 za mraba. Tuliongeza 28, jumla 91. Hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, msimu wa milimita 300 unakupa zaidi ya lita 21,000. Mvua tatu nzuri za milimita 50 hujaza tangi la lita 10,000. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaache yamwagike, yaondoke na vumbi na kinyesi cha ndege. Na panga ujenzi ili paa likamilike kabla ya Oktoba, kwa kuwa kwetu vuli ndiyo mvua ya kutegemewa.

Kazi hii ya kuyadhibiti maji si ngeni Ukambani. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona Machakos kama nchi iliyokwisha kwa mmomonyoko. Kitabu More People, Less Erosion cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, cha mwaka 1994, kinaeleza jinsi wakulima walivyouokoa udongo kwa matuta, yakiwemo ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa mlimani, ilhali idadi ya watu ikizidi mara tano. Waliyazuia maji yasikimbie. Shambani tunaendelea kufanya hivyo, nyumbani tumesahau.

Jambo la mwisho ni hati. Kama shamba bado liko kwa jina la marehemu, kamilisheni mirathi kwanza. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na haibagui kati ya mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Kisha ombeni kibali cha ujenzi kwa serikali ya kaunti. Andikeni pia nani ametoa kiasi gani, na wote watie sahihi. Mimi na ndugu zangu tulifanya hivyo mbele ya mama, na hakuna aliyeona kwamba anadhaniwa vibaya.

Kwa hiyo, mvua ijayo ikianza, chukua mwavuli utoke nje, uizunguke nyumba ya wazazi wako. Tazama maji yanaangukia wapi, yanasimama wapi, yanaingilia wapi. Hapo ndipo fedha yako ya kwanza iende. Vyumba vitafuata.