Sato au kambale kiangazi hiki? Hesabu ya bwawa dogo Bariadi

Masika yakikatika Simiyu mwishoni mwa Mei, bwawa limejaa, msimu wa kuuza pamba unaanza na mwenye bwawa ana hela kidogo mfukoni. Hapo ndipo wauzaji wa vifaranga wanapoanza kupiga simu. Usikimbilie. Mvua ya kutegemea hairudi hadi Oktoba au Novemba, usiku wa Juni na Julai una baridi, na mto Simiyu wenyewe hubaki mchanga sehemu kubwa. Samaki utakayemtia leo ataishi miezi hiyo yote kwa gharama yako.

Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu. Zifute uweke ulizoambiwa wewe wiki hii. Mfano wangu ni bwawa la mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200.

Anza na maji. Kwa jua na upepo wa huku, bwawa lililo wazi hupoteza kama milimita 5 kwa siku kwa kukauka tu, kabla hujahesabu kinachonywewa na udongo. Kwenye mita 200 hizo ni lita 1,000 kila siku, ndoo 50 za lita 20. Siku 120 za kiangazi zinakula lita 120,000, na kina kinashuka sentimita 60. Bwawa la mita moja linabaki na sentimita 40: korongo anasimama katikati na kuchagua.

Maji ya bomba yakiwa shilingi 1,500 kwa uniti ya lita 1,000, kujazia tu kutakugharimu 180,000 hadi mvua zirudi. Shika namba hiyo, tutairudia. Tena maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo huwezi kuyamwaga mengi kwa mkupuo; yakae kwenye pipa au simtanki siku nzima kwanza. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu, ambao fedha zake zilipitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, ukifika mtaani kwenu ni neema ya jikoni. Kwa bwawa, uniti itabaki kuwa uniti. Maji ya boza usiyafikirie kabisa.

Kisima au lambo lililo karibu ndilo linalolipa. Pampu ndogo ya petroli hujazia bwawa kama hili kwa muda mfupi kila wiki, na lita kumi na kitu za petroli zinaweza kukuvusha msimu mzima. Lakini uliza kina kabla ya kununua. Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti vizuri maji yaliyo chini ya mita 7 hivi, na kisima kinachokupa maji kwenye mita 5 mwezi Mei kinaweza kuwa mita 9 mwezi Septemba. Hapo utahitaji pampu ya kuzamisha, ya sola au umeme, na bei yake ni habari nyingine kabisa. Nenda kamuulize jirani mwenye kisima kirefu jinsi maji yanavyoshuka Septemba. Jibu lake ni bure.

Gharama nyingine iko chini ya miguu yako. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji vizuri, ila ukikauka hupasuka, na kingo zilizoachwa wazi juu ya maji hupata nyufa ambazo mvua ya kwanza itazipanua. Panda nyasi kwenye kingo mapema. Kwenye luseni, ule mchanga, bwawa la udongo ni kutupa hela. Maji yanapotea chini kuliko juu. Huko utaambiwa ununue plastiki ya kutandika.

Angalia sana hapa. Muuzaji anataja bei kwa mita ya mraba, nawe unazidisha kwa 200. Kosa! Plastiki inapanda kuta na kufukiwa ukingoni. Chukua urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza mita moja ya kufukia. Fanya hivyo hivyo kwa upana. Bwawa lenye kina cha mita 1.5 linataka 24 kwa 14, yaani mita za mraba 336. Kwa shilingi 7,000 kwa mita, milioni 1.4 uliyojiandaa nayo inakuwa milioni 2 na laki tatu na nusu, bila nauli wala kuunganisha vipande. Plastiki nyembamba ya bei rahisi hutobolewa na mizizi, kwato na jua. Kama hela haitoshi plastiki nene, chimba bwawa dogo zaidi.

Sasa samaki. Sato ndiye anayependwa sokoni na bei yake ni nzuri. Anakua vizuri maji yakiwa nyuzi 26 hadi 30; yakishuka chini ya 20 anapunguza kula, nawe ukiendelea kumwaga chakula unarutubisha tope. Bwawa la kina kifupi hupoa alfajiri na kupata joto mchana, kwa hiyo Juni na Julai ni miezi ya kukua polepole. Kifaranga mdogo anayeingia Juni usimtarajie mezani kabla ya Desemba au Januari.

Kambale anavumilia. Anaweza kupumua hewa ya juu ya maji, hivyo bwawa likibaki na sentimita 40 za maji machafu yeye bado yupo. Anakula hata matumbo ya machinjioni yaliyochemshwa. Ubaya wake ni wa namna tatu: wakubwa wanawala wadogo, hivyo lazima uwachambue kwa ukubwa mara kwa mara; usiku wa mvua anaweza kutoka bwawani na kuondoka zake; na si kila mtu anamla. Wasabato, na Kanda ya Ziwa ni wengi, hawagusi samaki asiye na magamba. Kabla ya kununua vifaranga 400, hesabu nyumba na migahawa itakayowachukua.

Kuna anayeuliza kuhusu samoni, yule samaki mwekundu wa hoteli kubwa. Yeye na jamaa zake wanataka maji baridi sana. Trauti, ambaye ni ndugu yake, anaishi kwenye vijito vya milimani kama vya Kilimanjaro na Meru. Atakayekuuzia vifaranga wa aina hiyo Bariadi anakuuzia msiba.

Tufanye hesabu ya sato, maana ndiye anayevutia. Watatu kwa mita ya mraba ni vifaranga 600. Kwa shilingi 200 kila mmoja ni 120,000. Wakipona asilimia 80 na kufika gramu 250, utavua kilo 120. Kila kilo ya samaki inakula kama kilo 1.6 za chakula kizuri cha kuelea, jumla kilo 192. Kwa 3,500 ni 672,000. Ukiuza kilo kwa 8,000 unapata 960,000. Kinachobaki ni 168,000. Toa ile 180,000 ya maji ya bomba: umefanya kazi nusu mwaka na unadaiwa 12,000, bila mlinzi, wavu wala nauli. Mwenye kisima chake anabaki na faida ndogo. Asiye nacho asianze na sato mwezi Juni.

Njia ya kupunguza ni kutengeneza chakula mwenyewe, na hapa Simiyu tuna bahati: mashudu ya pamba na alizeti yapo, pumba zipo, dagaa wanatoka Lamadi. Tuseme mchanganyiko unakugharimu 1,500 kwa kilo, kusaga ndani. Chakula hicho kinazama na kingine kinapotea, kwa hiyo weka kilo 2.5 kwa kilo moja ya samaki: kilo 300, shilingi 450,000. Umeokoa 222,000. Malipo yake ni muda, kwani samaki watachelewa mwezi au zaidi, na kila mwezi wa kiangazi una ndoo zake. Kwa mwenye maji ya bure, chukua njia hii. Kwa anayelipia maji, pima tena.

Mashudu ya pamba yasizidi kiasi, kama sehemu moja kwa tano au sita za mchanganyiko, kwa sababu mbegu ya pamba ina sumu ya asili inayodumaza samaki. Na dagaa wa chakula cha mifugo mara nyingi wamekaushwa chini: tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, uone mchanga unaotulia. Huo umepimiwa kwa bei ya dagaa. Waliokaushwa kwenye chanja ni ghali kidogo na ni nafuu mwishowe. Nunua wakati wa giza, maana wavuvi wa dagaa hutumia taa. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika na bei inapanda.

Chakula cha dukani nacho kina mtego wa kilo za kupima. Mfuko uliofunguliwa zamani umepoteza nguvu, pengine una ukungu. Soma tarehe, nusa, tupia punje kwenye glasi ya maji uone kama zinaelea. Heri mkutane wafugaji watatu mchangie mfuko mmoja mzima.

Vifaranga wengi wa sato huku hutoka upande wa Mwanza, kwa basi kupitia Magu na Lamadi. Vituo vya serikali kama Rubambagwe kule Chato na Mwamapuli wilayani Igunga navyo huzalisha, na kumpigia simu afisa uvuvi wa halmashauri kujua nani ana vifaranga hakugharimu kitu. Bei unayoambiwa kwa kawaida ni ya kituoni kwao. Ongeza mifuko na oksijeni, nauli ya boksi, bodaboda kutoka stendi, makato ya kutuma hela kwa simu. Kifaranga wa 200 anaweza kukufikia akiwa 300.

Taka kuhesabiwa mfuko mmoja mbele yako, au mtu wako akiwa kule. Patana kabla ya kulipa kuhusu nyongeza ya kufidia watakaokufa njiani. Waje usiku au alfajiri, na mfuko uelee bwawani robo saa kabla ya kufunguliwa. Kwa sato, lipia madume waliothibitishwa hata wakizidi bei kidogo. Dume na jike wakichanganyika huzaliana ndani ya miezi michache, bwawa linajaa vidogo, na chakula chako kinalisha vijukuu visivyouzika.

Viwanja vya Nyakabindi wakati wa Nanenane ni mahali pazuri pa kuuliza maswali haya ana kwa ana. Kununua vifaranga pale tarehe 8 Agosti, kiangazi kikiwa katikati, ni suala jingine. Chukua namba ya simu, uagize Novemba.

Kikundi chenye lambo la kijiji kina chaguo la bei ndogo kuliko yote: vifaranga wachache, mmoja kwa mita mbili au tatu za mraba, bila kuwalisha. Mavuno ni haba lakini hela inayoingia hatarini ni haba pia. Gharama iliyojificha ni watu. Lambo lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na Agosti ng'ombe watakuwa wengi kuliko subira ya wafugaji. Pata kibali cha serikali ya kijiji kwa maandishi, na muhtasari wa mkutano useme nani anavua, lini, na mifugo inanywea upande upi.

Vizimba ziwani Busega havina shida ya kukauka, na Januari 2024 Rais Samia alikabidhi vizimba na boti za mkopo Mwanza, kwa hiyo watu wengi wanavitamani. Kwa mtu mmoja mwenye laki chache, hapana. Samaki wa kizimba anategemea chakula cha kununua kwa karibu kila kitu, kuna vibali, boti na ulinzi wa usiku, na kati ya Juni na Agosti maji ya Ziwa Victoria hujichanganya, ya chini yenye hewa kidogo yakapanda juu. Kizimba kimoja kinaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Ukihitaji mtaji, ile asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu haina riba. Mkopo wa riba ya kila mwezi usiufungie kwenye samaki wa miezi saba.

Bwawa lizungushie minyaa au miiba kabla ya Julai. Malambo yakikauka, ndege na kenge wa tarafa nzima wanahamia kwako, na mifugo ya jirani inavunja kingo. Kamba zilizokatizwa juu ya maji ni nafuu kuliko wavu na huzuia ndege wakubwa.

Mwenye samaki tayari ndani asisubiri wafikie ukubwa wa ndoto. Agosti kina kikishuka, vua wanaofika gramu 200 ili waliobaki wapate hewa, hasa kama unawaona alfajiri wakihemea juu ya maji. Wauze asubuhi hiyo hiyo pale bwawani, kwa mizani yako, wateja wakiwa wameshapigiwa simu jana yake. Ukiwapeleka sokoni utalipia barafu, boda na ushuru, kisha utakaa kando ya sato wa ziwani waliofika kwa gari kutoka Lamadi kwa kilomita zipatazo 70 za lami, na mchuuzi wa saa nane mchana anajua kabisa kwamba barafu yako inayeyuka.