Kabla ya Kubomoa Darasa la Zamani

Wazazi wengi wanaokaa katika bodi za shule hapa Garissa wanalijua swali hili. Darasa lina nyufa, sakafu imechimbika, na ikifika saa saba mchana mabati yanawaka hadi mwalimu anawatoa watoto wakasomee chini ya mwarobaini. Je, jengo libomolewe au likarabatiwe?

Anza na paa, kwa sababu za usalama. Ikiwa jengo ni la miaka mingi na limeezekwa kwa vipande vizito vya kijivu vyenye mawimbi, visivyo vya chuma, huenda hiyo ni asbesto. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari. Usiivunje, usiitoboe, usifagie vipande vyake, wala usimpe jirani akaezekee boma la mbuzi. Vumbi lake likivutwa linaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Shule iwasiliane na NEMA, na kazi ya kuitoa ifanywe na watu walioidhinishwa.

Kuta mara nyingi zinafaa kubakizwa. Ufa mwembamba wa plasta si sawa na ufa unaopanda kutoka kwenye msingi hadi kwenye linta. Huo wa pili aupime mhandisi. Panapohitajika kujenga upya, yapo matofali ya udongo ya kufungamana, ambayo yalitumika pia kujenga makazi Ifo 2, Dadaab. Udongo huchekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali halichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri. Lakini lifunikwe na kumwagiwa maji kwa wiki moja au mbili. Fundi akiruka hatua hiyo, jua letu litalikausha haraka na litamomonyoka. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi haufai. Na baada ya mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya 2024, hakuna sababu ya kuanzisha tofali la udongo kwenye usawa wa ardhi: msingi uwe wa mawe na uinuliwe.

Vipi kuhusu paa la kijani, lile lenye udongo na mimea juu yake? Linapendeza, na katika miji yenye mvua nyingi hupoza majengo. Kwetu tuseme ukweli. Udongo wenye kina cha sentimita 10 ukilowa unaweza kufikia kilo 150 au zaidi kwa kila mita mraba, na mbao zilizopigwa kubeba mabati haziwezi mzigo huo. Isitoshe, mimea hiyo ingedai maji yaleyale ambayo watoto wanakunywa.

Mfano unaotufaa zaidi uko Gando, Burkina Faso. Shule ya msingi iliyobuniwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001 ina dari ya matofali ya udongo, na juu yake mabati yameinuliwa kwa fremu ya chuma. Upepo hupita katikati na kuondoa joto kabla halijafika darasani. Mfugaji anayeishi ndani ya aqal ya mikeka hahitaji kufundishwa jambo hilo. Kijani chetu kipandwe chini: miti upande wa magharibi, ikizungushiwa matawi ya mathenge ili mbuzi wasiifikie.

Bati lililoinuliwa pia huvuna maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 60, mwaka wenye milimita 300 kwa Gu na Deyr pamoja, hupokea lita 18,000. Toa kinachomwagika, bado tangi la lita 10,000 litajaa.

Kumbuka nani anahusika. Madarasa ya chekechea (ECDE) ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu, na fedha za ukarabati wake huombwa Wizara ya Elimu au NG-CDF. Kwa ECDE, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Andikeni ombi lenye picha za nyufa, vipimo vya chumba na idadi ya watoto, na mlifikishe kwa msimamizi wa wadi kabla ya hapo.