Hendibreki ikilegea, dramu ifunguliwe kabla ya kukaza kebo

DEREVA anayeshuka na gari la kale kutoka Nairobi, jiji lililo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hufika Makindu katika Kaunti ya Makueni akiwa ameteremka karibu mita 700. Njiani ameupita mteremko wa Salama, kisha Sultan Hamud na Emali, huku malori ya mizigo yakimwandama nyuma. Kila alipokanyaga breki, mwendo wa gari uligeuka kuwa joto, na joto hilo liliishia ndani ya magurudumu.

Wasafiri wengi hupumzika Makindu, hasa kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, ambako mgeni wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Mapumziko hayo ni fursa ya kupima breki bila kifaa chochote. Dereva asogeze kiganja karibu na kila gurudumu la nyuma, bila kuligusa. Moja likiwa na joto jingi kuliko mwenzake, basi ama breki ya upande huo imebana hata mguu unapoondolewa, ama ile ya upande wa pili haifanyi kazi na hii moja inabeba mzigo wa mbili.

Dalili nyingine ni hendibreki kupanda juu mno inapovutwa. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Kebo hukazwa, mkono hurudi chini, na mwenye gari huondoka akiamini amepona. Kumbe kilicholegea si kebo. Ni viatu vya breki vilivyolika ndani ya dramu, na kukaza kebo ni kuficha ugonjwa tu.

Dramu ni chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo husukumwa nje na silinda ndogo ya mafuta ili visugue ukuta wa dramu. Vikilika, nafasi kati yake na ukuta huongezeka, na pedali hulazimika kwenda chini zaidi. Dramu ikipata joto hutanuka na kuviacha viatu mbali zaidi. Ndiyo maana pedali iliyokuwa juu asubuhi yaweza kuzama mteremkoni.

Mfano mzuri ni Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1954, 1957 na 1962, na ambalo bado linapendwa na watunzaji wa magari ya kale. Breki zake za nyuma hazijirekebishi zenyewe. Zaidi ya hayo, Beetle nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki. Silinda moja ya nyuma ikipasuka, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kazi ya kufungua huanza gari likiwa chini, hendibreki ikiwa imevutwa na magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe. Kifuniko cha katikati ya gurudumu hutolewa, pini inayofungia nati ya ekseli huchomolewa, kisha nati hiyo hulegezwa kwa soketi ya milimita 36 yenye mpini mrefu. Nati hii hukazwa kwa nguvu nyingi, na kupambana nayo gari likiwa juu ya jeki ni kuhatarisha maisha.

Baada ya hapo gari huinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara. Gurudumu hutolewa, hendibreki huachiliwa, na vijigurudumu vyenye meno vinavyorekebisha viatu hurudishwa nyuma ili dramu itoke. Ikigoma, itumiwe pula. Kuipiga nyundo ukingoni kwaweza kuipasua.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za madini hayo husababisha saratani. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Unyevu wowote ndani ya dramu una maana. Mafuta mazito yenye harufu kali ni ya giaboksi, na yanaonyesha kwamba sili ya ekseli imechoka. Majimaji mepesi yanayobabua rangi ni ya breki, nayo yanatoka kwenye silinda. Chanzo sharti kitibiwe kwanza. Viatu vilivyolowa, au ambavyo utando wake umepungua hadi milimita 2.5, hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Wakati wa kurudisha, nati ya Beetle za miaka ya 1960 hukazwa kwa kipimo cha futi-pauni 217, yaani takriban Newton-mita 294. Kipimo hicho ni sawa na uzani wa kilo 60 ukining'inia kwenye mpini uliolala, nusu mita kutoka kwenye nati. Mwenye gari la miaka ya baadaye aangalie kitabu chake. Tundu la pini lisipolingana, nati huongezwa kukazwa, kamwe hailegezwi. Pini iwe mpya.

Ndipo marekebisho huanza. Kila kijigurudumu chenye meno huzungushwa kwa bisibisi kupitia tundu lake mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Pedali hukanyagwa ili viatu vikae sawa, kisha meno hurudishwa matatu au manne, hadi gurudumu lizunguke kwa msuguano hafifu. Pedali ikiwa bado laini kama sponji, kuna hewa ndani ya mabomba na sharti itolewe.

Kebo ya hendibreki hushughulikiwa mwisho. Mkono ukivutwa milio miwili, magurudumu yote mawili yaanze kubana kwa kiasi sawa. Ukifika wa nne, yasizunguke.

Majaribio yafanywe kwa mwendo wa pole mahali pasipo na magari. Mafuta ya breki nayo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu na yaweza kuchemka yanapopata joto. Hata breki zikiwa sawa, mteremko kama wa Salama hushukwa kwa gia ndogo, ili injini isaidie kuzuia gari na dramu zibaki na nguvu za dharura.