Mbwa Mwoga Hufunzwa, Hapigwi

Wananchi wanaofuga mbwa wa ulinzi wanafahamishwa kuwa mbwa anayefyata mkia na kubweka ovyo mara nyingi si mkali, bali ana hofu. Naye huuma anapokosa pa kukimbilia. Kipigo na mnyororo wa kutwa huizidisha hofu hiyo.

Dawa yake ni mafunzo ya hatua kwa hatua. Kinachomtisha, kama vile pikipiki, kiwe mbali kiasi cha yeye kuweza kula bila ya wasiwasi. Kila akitulia apewe kipande cha samaki, na masafa yapunguzwe siku hadi siku.

Aidha, michezo humwongezea ujasiri. Mashindano ya mbwa kuruka viunzi, yaliyoonyeshwa katika maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1978, huweza kuigwa uani kwa fito iliyolazwa chini na pipa lililo wazi pande mbili. Mbwa asisukumwe, apite kwa hiari yake.

Hata aliyefunzwa sharti achanjwe. Atakayeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha afike hospitali bila ya kuchelewa, kwani kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishadhihiri.