Sala ku sherehe ya Leta: ni ya nani?

Kifungu 1 cha Katiba ya 2006 kinasema wazi: Kongo ni Leta isiyo na dini yake. Lakini kifungu 74 kinaagiza Rais mupya aape mbele ya Mungu na taifa. Basi tusishangae kama ku sherehe ya Leta mutu anasimama kuomba, na wengine wanaguna.

Sisi wa migodi tunajua sala. Mbele ya kuingia mu shimo, Mukatolika, Muprotestanti, Mukimbangu na Mwislamu, kila mumoja anaomba namna yake. Hakuna mukubwa anayemulazimisha. Ile njo haki ya kifungu 22.

Ku sherehe mambo iko ingine. Mwenye kushika mikro anaombea wote, na Leta njo imemuchagua. Wazee wanakumbuka: mu 1974 Mobutu aliondoa Noeli mu siku za mapumuziko. Leta yenye kuchagulia watu sala inaweza pia kuwakataza.

Dakika moja ya kunyamaza ingetosha. Kila mutu aombe Mungu wake, ao akumbuke ndugu zake waliobakia mu shimo. Kisha tusikie hotuba, tuone kama kile kiapo kinafuatwa.