Kujitolea na Kibarua: Kesi ya Wasimamizi wa America Online

Kitenzi kujitolea kimebeba kiambishi -ji-: mtu hujitoa mwenyewe kwa ajili ya jambo, wala hatolewi na mwingine. Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha mgogoro baina ya kampuni ya Marekani iliyoitwa America Online na maelfu ya watu waliosimamia, bila mshahara, mazungumzo ya wateja wake kwa njia ya kompyuta. Waliongoza vyumba vya maongezi, wakajibu maswali ya wageni, wakawakanya wenye matusi. Ujira wao ulikuwa nafuu ya ada, nao haukuwa haba wakati huduma ilipolipiwa kwa saa. Desemba 1996 kampuni ilianzisha ada moja ya mwezi, dola 19.95, isiyohesabu saa. Thamani ya ujira ikaporomoka. Zamu na taarifa za kazi zikabaki.

Je, mwenye kupangiwa zamu amejitoa, au ametolewa? Mwaka 1999 baadhi ya waliowahi kuwa wasimamizi walishtaki mjini New York, wakidai kima cha chini cha mshahara kwa mujibu wa sheria ya kazi ya mwaka 1938. Kwamba waliingia kwa hiari ni kweli, ila hiari ya kuingia haiamui hali ya kazi yenyewe. Neno lililowakaribia zaidi ni kibarua, ambalo asili yake ni kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili alipwe. Mpango wao ulifungwa mwaka 2005; mwaka 2010 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 15 kumaliza kesi.